Mwenye Sababu Anajijua

"Ongeza sauti, Elkana! Ongeza bwana, wanataja Bhoke!"

Mayaka muuza nyama aliingia kwenye kibanda cha redio na kisu bado mkononi, aproni yake imelowa damu ya mbuzi. Elkana, fundi wa redio pale sokoni Rongo, aliweka chini chuma chake cha kuchomelea akazungusha kitufe. Sauti ya mtangazaji ikajaa kibandani.

"...nahodha wa Kuja Ladies ya Migori, Bhoke Wangwe, ametangaza leo kwamba anastaafu kandanda akiwa na umri wa miaka ishirini na saba. Alipoulizwa sababu, alijibu kwa maneno matatu tu: mwenye sababu anajijua."

Halafu watu wote saba waliokuwamo wakageuza vichwa na kumtazama Elkana.

"Mnaniangalia nini?"

"Si wewe ndio mchumba wake?" Mayaka akamwelekezea kisu bila kukusudia. "Umemkataza! Umemwambia bibi ya mtu havai kaptura!"

"Mayaka, sijamkataza. Mimi mwenyewe nasikia sasa hivi, na wewe hapa."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Kuruthum, mama wa duka la vitambaa la mlango wa pili, ambaye habari haikumpita hata ikitambaa. "Wallahi, Elkana, umetuvunja mgongo. Jumapili nitakuwa nashangilia nini sasa? Huu ni mtihani!"

"Na mimi nitatukana nani?" Mayaka akauliza, na uso wake ulionyesha huzuni ya kweli.

Ndivyo alivyokuwa Bhoke. Hakuna aliyempenda nusunusu, wala kumchukia nusunusu. Msichana wa Kikuria kutoka Kegonga, alianzia Simbi Queens ya Homa Bay, wakamlea wakamwimbia nyimbo. Kisha akahamia Kuja Ladies, na siku aliyorudi Homa Bay na jezi ngeni alifunga mabao matatu akawawekea mashabiki kidole mdomoni wanyamaze. Siku nyingine alimnyang'anya refa filimbi akaipuliza mwenyewe. Migori walimwita malkia, na Homa Bay kulikuwa na akina mama walioapa kutomuuzia hata kichwa cha samaki.

Elkana mwenyewe alikuwa mtoto wa Homa Bay. Lakini mwezi wa kumi mwaka uliopita, Bhoke aliingia kibandani mwake na redio ya timu iliyoingia maji, akakaa juu ya debe kusubiri, wakaongea mpaka redio ikapona na maongezi hayakuisha. Sasa ilikuwa Juni 1996, na Jumamosi ya wiki iliyofuata wazee wa Elkana walitarajiwa Kegonga na ng'ombe wa mahari.

"Fundi!" Kuruthum alikuwa amekimbilia dukani kwake, na sasa alikuwa mlangoni akihema. Simu yake ya mezani ndiyo iliyohudumia mtaa mzima. "Simu yako! Ni yeye mwenyewe!"

Elkana aliruka juu ya waya na betri, akafika.

"Bhoke! Kuna nini?"

"Umesikia?"

"Nimesikia kama watu wote. Mbona hukuniambia? Na huyo mwenye sababu ni nani?"

Upande wa pili Elkana alisikia kuku tu, na mtu akigombania foleni ya simu.

"Unaniuliza mimi?" Bhoke akasema polepole.

"Nimuulize nani mwingine?"

"Sawa. Basi wazee wako wasije hiyo Jumamosi."

"Bhoke, subiri..."

"Wasije mpaka uweze kuniambia kwa mdomo wako, tukiwa tumeangaliana. Kama hujui ni nini, jiulize vizuri."

Simu ikakatika. Kuruthum, ambaye alikuwa akipima kitambaa kilekile kwa mara ya tatu, akainua nyusi.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Mama Kuruthum, naapa sijui."

Na kweli hakujua. Ndiyo iliyokuwa adhabu yake wiki hiyo: mji mzima ulijua kwamba yeye ndiye sababu, na yeye peke yake hakujua sababu ni ipi. Alijichunguza kama anavyochunguza redio, waya kwa waya. Je, ni ile siku aliyochelewa Migori? Ni yule mteja wa kike aliyecheka naye sana? Ni mama yake aliyeuliza kama wasichana wa Kuria wanajua kupika kuon, ugali wa Kijaluo? Hakuona panapotoa moshi.

Watu nao hawakumpa nafasi ya kufikiri. Jumanne asubuhi alikuta mlango wake umeandikwa kwa chaki: RUDISHA BHOKE. Jumatano kijana wa Migori alileta redio nzima isiyo na ubovu wowote, ili apate kusimama mbele yake na kumwambia, "Hata usiiguse. Nilitaka tu nikuone uso." Watu walibishana pale nje mpaka mandazi ya jirani yakaisha. Mmoja alisema Bhoke ameokoka. Mwingine alisema ana mimba. Wa tatu alisema ametupiwa kitu na watu wa Homa Bay.

Alhamisi akaja mama mmoja kutoka Homa Bay, mnene, mchangamfu, na ngege wawili wabichi kwenye kikapu.

"Wewe ndio Elkana? Omera, chukua hii samaki. Zawadi."

"Ya nini, mama?"

"Umetuondolea huyo msichana! Simbi Queens sasa itapumua. Ero kamano, asante sana yawa! Mungu akupatie watoto kumi."

Mama akaenda zake akiimba. Elkana akabaki na samaki mikononi, na machozi yalimlenga. Alimpenda Bhoke kuliko alivyowahi kupenda timu yoyote, na sasa alikuwa analipwa ngege wawili kwa kosa asilolijua. Akampa Mayaka wale samaki, akafunga kibanda mchana kweupe, akaenda Migori.

Katika soko la Migori alimkuta Bathsheba, kipa wa Kuja Ladies na rafiki wa Bhoke wa chanda na pete, akiuza omena kutoka Muhuru Bay. Elkana aliposimama mbele yake, Bathsheba hakuinua macho.

"Gorogoro moja au nusu?"

"Shemeji, sijakuja kununua omena."

"Basi usiniharibie biashara. Simama kando."

"Bathsheba, nakuomba. Bhoke amekasirika na sijui kwa nini. Niambie tu kosa langu, hata kama utanipiga na hilo kopo la gorogoro."

Sasa akamtazama, kutoka viatu mpaka kichwani.

"Kumbe we ni muigizaji! Unamwambia mwanamke aache kazi yake, mbele ya Kenya nzima, halafu unakuja hapa na sura ya kondoo?"

"Nilimwambia lini?"

"Kwa redio! Salamu za alfajiri! Tulikuwa kambini, tunafunga viatu twende kukimbia, redio iko kwa dirisha. Mtangazaji akasoma kadi: Jasusi wa Mawimbi, Sanduku la Posta 40, Rongo. Si ni wewe hiyo? Bhoke mwenyewe alinionyesha muhuri wako wa jina hilo kwenye barua siku moja tukacheka. Jasusi wa Mawimbi!"

Elkana akasogea karibu.

"Kadi ilisema nini?"

"Unajua ilisema nini."

"Niambie, Bathsheba."

Bathsheba akaiga sauti ya mtangazaji, kwa uchungu. "'Ujumbe wangu ni kwa Bhoke Wangwe. Mguu umechoka. Anayekupenda angekuambia ukweli: acha mpira kabla mpira haujakuacha.' Basi. Halafu wakaweka muziki. Bhoke alifungua kamba za viatu, akaketi kitandani. Hakukimbia siku hiyo."

Elkana alikaa chini, palepale kwenye vumbi, kati ya mabeseni mawili ya omena.

"Hiyo kadi niliandika mwaka jana," alisema.

"Nini?"

"Mwezi wa nane mwaka jana. Siku ile alitufunga tatu pale Homa Bay na kutuwekea kidole. Nilikuwa na hasira, Bathsheba, sikuwa hata namjua! Nikaandika kadi, nikapiga muhuri, nikatia posta. Hawakuisoma. Nikasahau. Kisha yeye akaja kibandani na redio..."

Wanaotuma kadi za salamu wanaijua hadithi hii. Unamsalimu shangazi yako, kadi inasomwa baada ya shangazi kuzikwa. Unampongeza mtu kwa harusi, salamu zinafika wakati ana watoto wawili. Magunia ya kadi yalikaa studioni, na kadi iliyokuwa chini ilingoja mkono wa mtu uifikie.

"Mwezi wa nane?" Bathsheba akahesabu kwa vidole. "Na hukusikia ikisomwa?"

"Alfajiri mimi hulala. Nashinda na redio siku nzima, asubuhi sitaki hata kuiona."

Bathsheba akafunika mdomo. Kicheko kilimtoka kwanza, kikafuatwa na huruma.

"Kumbe mji umesema kweli. Ni wewe."

"Ni mimi," akakubali Elkana. "Nimekana wiki nzima na ni mimi."

"Sasa umekaa chini hapo unafanya nini? Kegonga iko huko."

Alifika Kegonga kesho yake saa nne asubuhi. Bhoke alikuwa uani kwa mama yake, ameketi kwenye mkeka akipukuchua mahindi, goti la kushoto amelinyoosha. Mama mtu alipomwona mkwe anakuja alitoweka ndani haraka, maana heshima ya ukwe haiwaruhusu kuonana ovyo. Lakini mlango hakuufunga kabisa.

"Umejiuliza vizuri?" Bhoke akasema.

"Nimejua jana. Bathsheba ameniambia."

"Bathsheba amekuambia maneno uliyoandika wewe?"

Elkana akamsimulia yote akiwa amesimama juani: mabao matatu, hasira, muhuri, posta, gunia la kadi. Hakujipunguzia kosa. Bhoke alisikiliza bila kuacha mahindi, na punje ziliendelea kudondoka moja moja.

"Mbona hukuniuliza?" Elkana akamalizia. "Ungeniuliza ningekuambia siku hiyohiyo."

"Nikuulize nini? Nilifikiri umeshindwa kuniambia ana kwa ana ukapitia kwa redio. Watu wengi hapa wanafanya hivyo, hata kuombana msamaha wanatumia kadi. Ulinisemesha mbele ya watu wote, na mimi nikakujibu mbele ya watu wote." Akatupa gunzi pembeni. "Kwa hivyo ilikuwa chuki ya shabiki wa Simbi. Si mapenzi."

"Ilikuwa chuki. Na ilikuwa uongo. Siku hiyo ulicheza kuliko wote."

"Basi naweza kurudi Jumatatu. Kocha Momanyi amesema jezi yangu bado iko. Nikirudi, watu watasahau hii yote." Akainua uso na kumkazia macho. "Lakini kwanza niambie kitu. Usiniambie kama mchumba. Niambie kama ule mtu wa Homa Bay anayejua mpira. Leo hivi, nimekwisha au sijakwisha?"

Jibu rahisi lilikuwa pale, tamu, limeiva. Akisema "hujakwisha", Bhoke atacheka, atarudi uwanjani, wazee watakuja Jumamosi, na Mayaka atapata mtu wa kutukana. Lakini Elkana alikuwa uwanjani mwezi wa tano, Rongo. Aliona binti wa miaka kumi na minane akimpita Bhoke mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu akaona Bhoke akimvuta jezi ili asipitwe. Bhoke hakuwa mtu wa kuvuta jezi.

"Umekwisha," alisema.

Ndani ya nyumba kitu kilianguka, sufuria au kifuniko chake.

"Rudia."

"Umekwisha, Bhoke. Kadi nilipoiandika ilikuwa uongo. Iliposomwa ilikuwa imeshakuwa kweli. Nimeona tangu Mei. Unageuka na mguu mmoja tu. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa utaniacha."

Bhoke alijifunika uso kwa mikono yote miwili, akalia. Hakulia kwa staha. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, kama mtu aliyebeba mzigo mwendo mrefu na sasa ameambiwa atue. Elkana alipiga magoti kwenye mahindi bila kujua amguse au asimguse.

"Unajua nilikuwa nafungia hili goti wapi?" Bhoke akasema kati ya kwikwi. "Chooni. Nafunga kitambaa chooni ndio kocha asione. Watu wanaimba jina langu, wengine wananizomea, na hakuna hata mmoja anauliza mbona nachelewa kutoka chooni. Niliposikia ile kadi, Elkana, niliumia, lakini pia nikasema, kumbe kuna mtu ameona. Halafu nikapiga simu, na ukaniuliza mwenye sababu ni nani. Nikajua uliona, ukasema kwa redio, na kwa mdomo unaogopa."

"Nisamehe."

"Umenikosea mara mbili. Umeandika uongo, halafu ukanyamazia ukweli. Hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi."

"Sitanyamaza tena. Hata ukinichukia."

"Hata nikipika vibaya?"

"Hata ukipika vibaya nitasema."

"Hapo nitakupiga." Akapangusa machozi kwa kiganja chenye unga wa mahindi, na uso ukabaki na mistari myeupe. Alikuwa anacheka na analia, na Elkana alimpenda wakati huo mpaka kifua kikamuuma.

Kutoka ndani ikasikika sauti ya mama, kavu, isiyo na mwenyewe wa kuonekana.

"Bhoke! Muulize huyo mtu wa Homa Bay, ambaye mimi sijamwona: hao wazee wake wanakula ugali ya mtama ama wanataka ya mahindi?"

"Mama anauliza..."

"Nimesikia," Elkana akasema, akageukia mlango aliko mama mkwe. "Watakula chochote, maro. Chochote kabisa."

Wazee wakaenda, ng'ombe wakapokelewa, na harusi ikapangwa Desemba. Lakini mashabiki hawakuridhika. Barua zilimiminika kwa kocha Momanyi: Bhoke hawezi kuondoka kama mwizi, lazima aagwe. Na aagwe wapi? Homa Bay wenyewe wakasema, kwa mshangao wa kila mtu, aagwe kwetu. Huyu tumemchukia kwa jasho letu, hatutaki achukuliwe na wengine kimyakimya.

Agosti hiyo Bhoke alicheza dakika kumi tu, akatoka uwanjani akichechemea, na upande wote wa Simbi Queens ukasimama. Jioni kukawa na karamu ukumbini, na bendi ya benga, na pakruok. Kwa wasioijua, pakruok ni desturi ya Wajaluo: anayetaka kujisifu au kumsifu mwenzake hutoa sarafu, mpiga gitaa husimamisha muziki, naye husema yake mpaka moyo utosheke.

Mayaka alikuwa wa kwanza kusimamisha muziki. "Mimi Mayaka wa Rongo, nimemtukana Bhoke miaka sita bila kupumzika! Hakuna mtu amemtukana kama mimi!" Watu wakampigia makofi, naye akaketi akipenga kamasi. Kuruthum akafuata, akamsifu Bhoke kwa Kiswahili kirefu ambacho nusu ya ukumbi haikukielewa na wote walikishangilia.

Kisha Bhoke mwenyewe akaenda kwa mpiga gitaa. Muziki ukakatika.

"Mimi Bhoke, binti Wangwe, mtoto wa Kegonga, mwenye magoti mawili ya umri tofauti! La kulia lina miaka ishirini na saba, la kushoto lina sitini!"

Ukumbi ukalipuka.

"Mmeulizana miezi miwili: mwenye sababu ni nani? Wengine mkasema nimerogwa. Wengine mkasema nina mimba. Mbona mtoto hatoki?" Akangoja kicheko kitulie. "Sasa nawaambia. Nyinyi wote mlinidanganya. Walionipenda walisema bado nina miaka mitano. Walionichukia walisema sijawahi kujua mpira. Mtu mmoja tu aliniangalia machoni akaniambia nimekwisha, na alijua anaweza kunipoteza kwa hilo neno. Ndiye huyo amejificha nyuma ya spika. Elkana, simama!"

Elkana akasimama, hakuwa na pa kwenda. Halafu upande wa Migori ukaanza kuzomea, ukazomea kwa mapafu yote, na mtu akamrushia ganda la ndizi. Upande wa Homa Bay ukaanza kuimba jina lake. "Muongo!" mmoja akapaza sauti. "Jembe!" akajibiwa. "Hasidi mkubwa wee, Elkana!" hiyo ilikuwa ya Kuruthum, na alikuwa amepanda juu ya kiti.

Bhoke alipenya katikati ya watu mpaka alipo, akamshika mkono. Kiganja cha Elkana kilikuwa kimelowa jasho.

"Bhoke, wananizomea."

"Nasikia."

"Nusu ya ukumbi wananichukia. Sijamfanyia mtu kitu!"

"Zoea," Bhoke akamwambia, akimvuta katikati ya ukumbi wacheze. "Mimi wamenizomea miaka kumi, na bado nimepata mume."